Agronomu na Mguu wa Kushoto

Watu wengi hufika kwenye tope wakiwa wamekaa. Agronomu alifika kwa miguu. Mbali kabla ya pabaya alikuwa amekwisha kuzima injini, kufungua mlango na kushuka, na sasa alitembea mbele ya gari mikono ikiwa mgongoni, kama mtu aliyekwenda kutazama mahindi yake yameotaje. Alikanyaga tope la pembeni, kisha la katikati. Alichomeka fimbo ndani ya maji, akaitoa, akaitazama ilipolowa. Mara ya kwanza nilipomwona akishuka hivyo nilidhani anatafuta mahali pa kujisaidia, nikageuza uso upande mwingine kwa heshima.

"Mbona unaangalia kule?" aliniuliza aliporudi. "Njia iko huku. Shuka, utembee."

"Nitembee wapi, Papa?"

"Mule mule magurudumu itapita. Vua viatu kama unavihurumia."

Nilivua. Lilikuwa tope jekundu la barabara za nyuma ya Kinsevere, nje ya Lubumbashi, lile linalonata kama ugali usioiva. Niliporudi, aliniuliza wapi palikuwa pagumu chini ya unyayo na wapi palizama. Sikujua. Akanirudisha. Nilipojua, ndipo tukapanda garini, na yeye akapita pale pale nilipomwambia pagumu, bila haraka, bila hata kubadilisha uso.

Sote katika mradi wa mbegu tulimwita Agronomu, kwa sababu ndiyo kazi yake ilivyokuwa, utaalamu wa kilimo. Wakulima walimwita hivyo, mkewe alimwita hivyo, na alipopiga simu alijitambulisha hivyo hata kwa watu waliojua jina lake. Alijua udongo na alijua mahindi. Lakini ukikutana leo na yeyote aliyefanya naye kazi, hatakusimulia mahindi. Atakusimulia jipu.

Lilikuwa jipu la zamani, jeupe kwenye karatasi zake tu, maana rangi yake ilikwisha kuwa ya barabara. Lilikuwa na vijiti viwili kati ya viti. Kile kikubwa kilikuwa cha gia, kama cha gari lolote. Kile kidogo kilichagua magurudumu: mawili ya nyuma kwa lami, yote manne kwa vumbi na tope, na mwisho kabisa yote manne kwa mwendo wa kutambaa, ambapo injini inapiga kelele nyingi na gari linakwenda kama bibi harusi. Mwendo huo Agronomu aliuita "ile fupi". Nyuzi zote za maarifa yake zilianzia hapo. Aliitia ile fupi mapema, akiwa bado pakavu, na aliwacheka waziwazi madereva waliokumbuka kijiti kidogo wakiwa wamekwisha kuzama hadi mlangoni.

Nasema aliwacheka, maana hakuwa mtakatifu. Vijana wenye magari mapya ya makampuni walitupita mara nyingi kwenye barabara za migodi, wakitumwagia maji ya matope, na mbele kidogo tukawakuta wamelalia upande mmoja. Agronomu alisimamisha jipu, akashuka, na kabla ya salamu akatoa simu akawapiga picha. Kisha akacheka mpaka akashika tumbo. Baada ya hapo ndipo alipovua shati, akalikunja, akaliweka kitini, na kuingia topeni pamoja nao kukata matawi. Aliweza kutumia nusu ya asubuhi akisukuma matawi chini ya gurudumu la mtu asiyemjua. Picha hakuzifuta.

*

Niliingia kwenye mradi nikiwa msichana aliyetoka tu chuo kikuu. Mama yangu, mwenye kuuza vitenge sokoni, Mkasai wa wale wanaoamini kwamba shule kazi yake ni kumtoa mtu matopeni, alinitazama jioni ile niliporudi na tope hadi magotini. "Njo ile diploma?" akauliza, yaani ndiyo hiyo diploma. Hakusema zaidi. Akaniwekea ndoo ya maji ya moto.

Leseni nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeendesha gari dogo la mjomba wangu mjini, kutoka nyumbani hadi kanisani na kurudi. Agronomu alipoambiwa kwamba mimi ndiye nitakayesaidiana naye safari za vijijini, aliniuliza kama najua kuendesha.

"Ndiyo, Papa. Niko na permis."

"Permis ni ya polisi. Miye nauliza kama unajua kuendesha."

Akanipeleka kwenye shimo la zamani la udongo wa matofali, nje ya mji, ambako vichuguu vya mchwa vimesimama vikubwa kama nyumba. Akaniweka kwenye usukani. Akaniambia nitie ile fupi, gia ya kwanza, niachie klachi yote, halafu nitoe miguu. Miguu yote.

"Hata ya mafuta?"

"Yote. Weka chini kama uko kanisani."

Jipu likaanza kutembea lenyewe. Lilitembea kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Likafika kwenye mguu wa kichuguu, pua ikainuka, na mimi nikaona anga tu kwenye kioo. Nikapeleka mguu kwenye mafuta.

"Usiisaidie!" alisema. "Nani amekuita? Iache ifanye kazi yake."

Nikauondoa. Injini ikanguruma kidogo, kama mtu anayebeba gunia na hataki maneno, na jipu likapanda bega la kichuguu bila msaada wa mtu. Sijasahau jambo lile. Nilikuwa nimeamini maisha yangu yote kwamba gari linakwenda kwa sababu mtu analisukuma kwa mguu.

Kupanda nilijifunza siku hiyo hiyo. Kushuka kulinishinda kwa wiki nyingi. Kila jipu lilipoinamisha pua, mguu wangu wa kushoto ulikwenda wenyewe kwenye klachi, ile ambayo yeye aliiita ambreyaje. Agronomu alieleza kwa upole, kisha kwa upole kidogo, kisha bila upole. "Ukikanyaga pale unakata kamba," alisema. "Injini iko huku, magurudumu iko kule, na weye uko katikati unaomba Mungu. Ile injini njo breki yako. Usiikate." Nilikubali kwa kichwa. Mguu haukukubali.

Basi siku moja alivua kofia yake, kofia ya kahawia aliyoipenda, iliyopigwa brashi kila asubuhi, akaiweka juu ya klachi kama mtu anayefunika sahani ya wageni.

"Sasa shuka."

Nilishuka. Katikati ya mteremko, mguu ukaenda. Nikasikia kofia ikilia chini ya kiatu, na papo hapo jipu likawa jiwe. Likateremka lenyewe, likapiga chini, meno yangu yakagongana. Tulipotulia, Agronomu aliinama taratibu, akaichukua kofia yake, akaikung'uta na kuivaa vile vile ilivyopondeka. Alikwenda nayo ofisini. Aliivaa mchana kutwa. Kila aliyemuuliza alijibiwa, "Muulize mama huyu." Tangu siku ile mguu wangu wa kushoto umejifunza kulala.

Alikuwa na mambo mengine madogo ya namna hiyo. Vidole gumba havikuruhusiwa kuzunguka usukani. Vilikaa juu, nje, kwa sababu gurudumu likigonga jiwe usukani hujizungusha ghafla na kuvunja kidole. Chake cha kulia kilikuwa kimepinda tangu ujana, naye alikionyesha bila aibu, kama mwalimu anayeonyesha ramani. Mtaro uliokatiza njia aliuvuka kwa mshazari, gurudumu moja moja, ili yale mengine matatu yabaki yameshika ardhi. Penye mitaro iliyochimbwa na malori alipanda juu ya kingo zake, magurudumu yakitembea juu kama mbuzi, badala ya kuingia ndani ya mitaro na kukalisha tumbo la gari chini. Baada ya kuvuka maji alikanyaga breki mara kwa mara, kidogo kidogo, mpaka zikauke. Yote hayo aliyafanya bila kuacha kuongea kuhusu kitu kingine kabisa, mara nyingi kuhusu watu waliopanda wakichelewa.

*

Na hapa ndipo mtu anaposhindwa kumwelewa. Mwenye subira ile kwa chuma hakuwa na subira kwa binadamu. Mkulima akianza salamu ndefu za kwetu, habari za nyumba, za watoto, za mvua, za wafu, Agronomu alikuwa amekwisha kuinama kwenye shamba lake na kung'oa mche. "Umepanda mbegu ndani sana," alisema katikati ya salamu. "Hii haitatoka." Wengine walikasirika. Mimi nilibaki nyuma nikimalizia salamu kwa niaba yake, na kazi hiyo sikuandikiwa kwenye mkataba.

Alikula haraka, akaongea haraka. Simu ikikawia kushika mtandao alizungumza nayo kwa ukali, kama na mtu mjinga. Na mjini, Mungu atusaidie. Gari lile lile aliloliongoza kwenye tope kana kwamba limejaa mayai, aliliendesha juu ya lami ya Lubumbashi kama mtu anayefukuzwa. Mabasi madogo yalimtia wazimu. Kwenye mzunguko wa barabara aliingia akipiga honi na kutoka akitukana, madirisha wazi, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na alipokuwa amechoka sana, kwa Kilamba. Siku moja alinichukua kupeleka mbegu za maonyesho nyumbani kwa mwanawe mtaa wa Golf, kwenye nyumba yenye ukuta mrefu na maua yaliyokatwa sawasawa. Alikwaruza lango. Lango pana, mchana, hakuna hata jani njiani.

"Papa, ungeshuka kwanza uangalie," nilimwambia.

Alilitazama lango. Halafu akaanza kucheka, tukacheka wote wawili, na mlinzi wa lango akatutazama kwa huzuni.

Nilimwuliza siku hiyo kwa nini mjini ni mtu mwingine. Alifikiri. Jibu lake nalikumbuka kwa sababu hakulitoa haraka. "Tope haijifanye," alisema. "Iko vile iko. Unaikuta, unaiangalia, inakuambia. Batu ba mujini, ule anapita mbele yako anajua anakukosea, na anakucheka." Sina hakika kama ni jibu. Lakini ndilo nililopewa.

*

Jambo ninalotaka kulisimulia hasa lilitokea katikati ya mvua, upande wa Mokambo, kwenye njia inayotoka vijijini kuja kukutana na barabara kuu ya mpaka.

Tulikuwa tumelala kijijini tukigawa mbegu. Asubuhi, tukiwa tunafunga magunia ya mahindi ya sampuli nyuma ya jipu, alikuja mwanamke mmoja amembeba mtoto wa kiume mgongoni. Mtoto alikuwa na homa, shingo imelegea, macho yanafunguka na kujifunga. Hakutupa maneno mengi. "Munaenda ku lami? Munipeleke ku hopitali." Agronomu alimgusa mtoto shingoni kwa nyuma ya mkono, akanitazama, akasema, "Endesha weye."

Sikushangaa. Msimu ule alinipa usukani mara nyingi, na nilidhani anaridhika nami.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipita mabonde mawili vizuri. Kisha tukafika kwenye kilima cha udongo mwekundu ambacho siku mbili kabla tulikuwa tumekiteremka kikiwa kikavu. Sasa kilikuwa kinang'aa. Malori ya makaa yalikuwa yamekata mitaro mirefu hadi juu. Agronomu alishuka kukitazama, akarudi, akaniambia nipande juu ya kingo, ile fupi, gia ya kwanza. Nilipanda. Karibu na katikati gurudumu la nyuma liliteleza likaingia mtaroni, jipu likainama, nikashtuka nikaachia mafuta, na injini ikazima.

Ukimya ulioingia pale ulikuwa mbaya. Nilikuwa nimekanyaga breki kwa nguvu zangu zote na bado nilisikia jipu likiteleza kidogo, kwa ubavu. Mama wa mtoto akaanza kuomba kwa sauti. Nikataka kugeuza usukani, nishuke kwa kugeuka.

"Apana," alisema Agronomu. Hakupaza sauti. "Ukigeuka hapa tunabingirika. Acha usukani vile iko. Breki shikilia. Sasa kanyaga ambreyaje, tia riversi. Umetia? Toa mguu. Toa wote, mama. Njo vile. Sasa achia breki pole pole."

Niliachia. Jipu halikuondoka. Injini iliyozima ilikuwa imelishika kwa meno yake.

"Unaona, inakushika. Sasa washa funguo, usikanyage kintu. Itashuka yenyewe."

Niliwasha. Jipu likakohoa mara moja, likawaka, likaanza kurudi nyuma kwa mwendo wa mtu anayetembea, nami nikitazama kioo cha pembeni na kulishikilia lisipinde, mpaka chini kwenye tambarare. Nikaondoa mikono kwenye usukani.

"Papa," nikamwambia, "chukua usukani. Tafadhali. Miye siwezi tena."

"Utaweza. Punguza upepo mu magurudumu. Mara hii tia ya pili, isiteleze."

"Papa, mutoto anaumwa. Endesha weye!"

Akatikisa kichwa. Akaanza yeye mwenyewe kutoa upepo kwenye magurudumu kwa msumari, amechutama vibaya, mguu mmoja umenyooshwa pembeni.

Hapo ndipo mama wa mtoto alipofungua mlango na kusimama mbele yake. Alikuwa mdogo kwa umbo, lakini sauti yake ilijaa bonde lote.

"Weye mutu wa namna gani? Mutoto yangu anakufa humu ndani, na weye unafundisha shule! Unajua kuendesha, kila mutu anasema unajua! Panda basi!"

Agronomu aliinuka. Alifuta msumari kwenye suruali.

"Shuka na mutoto, mama," alisema mwisho. "Tutapanda kwa miguu. Magunia ibaki ndani, inalemeza nyuma isiteleze. Huyu atapita peke yake."

Mwanamke alitema mate chini. Akambeba mwanawe, akaanza kupanda kilima kando ya njia, kwenye nyasi, bila kumngojea mtu.

Nilibaki peke yangu ndani ya jipu. Hakuna aliyenisemesha. Nilitia ya pili, nikaachia klachi, nikaweka mguu wa kushoto chini. Mafuta nikayashika mahali pamoja na sikuyagusa tena. Pale gurudumu lilipoanza kuteleza nilitikisa usukani kushoto na kulia, kidogo kidogo, kama mtu anayepapasa ukuta gizani, na magurudumu yakatafuta, yakapata, yakatafuta, yakapata. Halafu pua ikashuka, nikaona miti mbele badala ya anga. Nilikuwa juu.

Mama wa mtoto alifika mara moja, akaingia nyuma. "Twende," alisema.

"Tumungojee Agronomu."

"Twende! Muache huko!"

Nikatazama chini. Alikuwa bado nusu ya kilima. Alipanda hatua moja, akausogeza mguu wa kushoto kwa mkono, kwa kulivuta goti la suruali, akaegemea fimbo, akapumzika. Kisha hatua nyingine. Mtu niliyemwona kila siku akitembea mbele ya gari. Lakini kila siku ilikuwa mahali tambarare, hatua chache, mikono mgongoni. Ndipo nilipoelewa kwa nini msimu ule nilipewa usukani. Klachi ya jipu lile ilikuwa nzito kama mlango wa ghala. Goti lile lisingeweza kuikanyaga kwenye kilima, na lingeshindwa wakati ambapo kushindwa ni kubingirika.

Aliona kwamba namtazama. Akainua fimbo akaielekeza mbele, kwenye lami. Enda. Akairudia mara ya pili kwa hasira, kama anavyofanya kwa wakulima wenye salamu ndefu.

Nikaenda. Tuliacha tope, tukakuta changarawe, tukakuta lami. Kwenye kituo cha afya walimpokea mtoto mikononi mwa mama yake kabla sijazima injini, wakamtundikia maji na dawa, na mwuguzi akatuambia tumefika wakati bado upo. Mtoto alipona. Siku chache baadaye alirudi kijijini akitembea mwenyewe, na mvua iliyofuata nilimkuta akikimbiza kuku.

Nilimrudia Agronomu alasiri. Alikuwa amekaa juu ya mzigo wa makaa wa watu fulani, akila karanga zao, akiwaambia kwamba wanakata miti vibaya. Alipanda jipu kwa taabu, akafunga mlango, akauliza kwanza habari za mtoto. Nilipomwambia, alifunga macho kidogo.

"Papa, mbona hukutuambia? Ule mama anakuona mutu mubaya."

"Ningemwambia nini? Mutoto yako anaumwa, na miye chauffeur niko na goti yenye ilikufa? Angeogopa mara mbili." Akameza karanga. "Aache anikasirikie. Angalau hasira ilimupandisha ile mulima haraka."

"Na ofisini?"

"Ofisini utanyamaza. Bakijua bananiweka ku biro, ku karatasi. Niache nimalize vizuri."

Nilinyamaza. Alimaliza vizuri, nadhani. Miaka kadhaa zaidi, mimi nikiwa mikono na miguu yake, yeye akiwa macho. Mama wa mtoto hakumsamehe kamwe. Kila tulipopita kijijini aliniletea mimi kikapu cha viazi, akampita Agronomu kama anavyopita nguzo. Agronomu alimsalimia kila mara, tena polepole, salamu kamili, za nyumba, za mtoto, za mvua. Ni mtu pekee niliyemwona Agronomu akimpa salamu ndefu. Hakujibiwa.

*

Alipostaafu hatukuonana kwa muda mrefu. Nilisikia kwamba mkewe amefariki, nikaenda msibani, kulikuwa na watu wengi, tukashikana mikono tu. Nilisikia amehamia Golf kwa mwanawe. Mimi nilipewa kuongoza timu, nikapata jipu jingine, nalo la vijiti viwili kwa sababu nililikataa lile la kisasa.

Mwaka jana, siku ya Jumamosi, simu iliita.

"Ni Agronomu. Mama, uko na motokari?"

Dada yake mkubwa aliyemlea, yaya yake kama tunavyosema kwetu, alikuwa mgonjwa kijijini, upande ule ule wa Mokambo. Dereva wa mwanawe alikuwa amekwenda hadi mwisho wa lami, akatazama njia, akageuza. Mwana alisema wangoje kiangazi. "Yaya hatangoja kiangazi," Agronomu alisema, na sauti yake haikuwa na haraka hata kidogo, jambo lililoniogopesha.

Nilimchukua Jumapili asubuhi. Alitoka langoni akishikwa mkono na mjukuu, amekonda, suti imekuwa kubwa. Mguu wa kushoto sasa haukukunjika kabisa. Tulimpandisha kama tunavyopandisha magunia, kwa kuhesabu pamoja. Alipokwisha kukaa aliuliza kama nimeangalia mafuta ya injini, nikasema nimeangalia, akauliza tena kwa maneno mengine.

Tulipoacha lami alianza kazi. "Kushoto. Kushoto tena. Lile jiwe, lipande, usilikwepe. Umeshatia ile fupi?"

"Nimetia, Papa."

"Lini?"

"Kule kwenye njia nyembamba."

Akaguna. Ilikuwa karibu na sifa. Tuliendelea hivyo, yeye akisema na mimi nikifanya, mara nyingi nimekwisha kufanya kabla hajasema, lakini nilimwachia amalize. Aliniambia habari za yaya yake: jinsi alivyokuwa akimwekea ukoko wa ugali, jinsi alivyompiga kwa kuiba asali. "Alikuwa mukali," alisema. "Sijui kama atanijua."

Njia ikaanza kushuka bondeni. Ulikuwa mteremko mrefu, wenye mizizi na maji yanayotiririka katikati, na ng'ambo yake kupanda kwa udongo mwekundu. Nilipunguza, nikatazama pa kupitisha gurudumu la kulia, nikangoja aseme. Hakusema. Nikaingia. Jipu lilishuka kwa hatua zake, injini ikilishika, mwili wa gari ukiyumba huku na huku. Chini, majini, nilingoja tena. Kimya. Nikafikiri nimekosea, na kwamba amekasirika. Nikageuza macho kidogo.

Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea dirisha, mdomo umefunguka kidogo, akipumua taratibu, mikono imeachia mapajani. Kila gari lilipoyumba na yeye aliyumba, mzima mzima, kama mtoto mgongoni.

Nilitoka majini na kupanda. Sijawahi kupanda kilima kwa uangalifu ule, hata siku ya mtoto mgonjwa. Mizizi niliivuka mmoja mmoja, gurudumu nikaliweka juu ya jiwe kama ninayeweka yai. Hakuamka.

Kijiji kilikuwa juu. Niliingia uani, nikasimama mbele ya nyumba ya udongo yenye veranda iliyofagiwa, na sikuzima injini, nikihofia kwamba kimya kitamwamsha. Mwanamke mzee sana alitoka, kitenge kimefungwa kifuani, akishikilia ukuta, kisha akaacha ukuta na kuja hadi mlango wa gari peke yake. Aliweka kiganja kwenye kioo, akatazama ndani kwa muda mrefu.

"Yaya," nikasema kwa sauti ya chini, "jambo yenu. Nimemuleta. Nimwamshe?"

Hakuniangalia. Aliendelea kumtazama yeye.

"Muache kwanza alale," alisema. "Amechoka, huyu. Alikuwaka vile tangu mutoto, akichoka analala tu."

Akavuta kigoda cha verandani, akakaa karibu na mlango wa gari, nasi tukangoja.